Wageni nawachua kila siku, baba mkwe nimwambie nini?

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, Mpare wa Same niliyeolewa Kibosho. Kazi yangu ni kuchua. Nilisomea, na sasa niko kwenye hoteli moja Moshi mjini ambako wateja wengi ni wageni wanaoshuka Mlima Kilimanjaro. Wanafika wametoka geti la Mweka, ngazi mbili za mapokezi zinawashinda, wanashikilia ukuta. Nawalaza, natandaza shuka, nafunua mguu mmoja mmoja, naweka mafuta ya nazi kidogo. Naanza na viganja taratibu kutoka gotini kuelekea nyonga, ndipo nakanda paja. Siku ya kwanza siwabonyezi sana, maana mtu ametoka mita 5,895 akashuka zaidi ya mita 4,000 huku mapaja ndiyo breki yake. Misuli ile ina michubuko ndani, na maumivu yenyewe yanakuja kukolea siku ya pili. Kazi naipenda, na ndiyo inayolipa ada za watoto.

Tatizo langu liko nyumbani. Baba mkwe ana miaka 67. Ujanani alikuwa mpagazi, baadaye msaidizi wa kiongozi wa wageni. Alibeba kabla ya haya mambo ya kupima mizigo getini isizidi kilo 20. Sasa anashinda kwenye kihamba chake, kahawa na migomba. Tangu masika analalamikia mguu wa kulia: unaanzia kwenye kalio, unashuka nyuma ya paja mpaka kwenye shavu la mguu. Anasema nyuma ya paja pamebana, na upande wa kidole gumba pana ganzi. Akishuka kwenda barabarani inabidi akae kwenye jiwe njiani. Akikaa kidogo anainuka, anaendelea. Kupanda kurudi, cha ajabu, hana shida sana. Na akisukuma toroli la mbolea anazunguka shamba zima bila neno, ndiyo maana wifi yangu mkubwa anasema mzee anadeka.

Walimpeleka kwa mchuaji mmoja anayesifiwa kwa nguvu. Alimkandamiza kwa viwiko mgongoni na pajani, kisha akamlaza chali, akaunyanyua ule mguu ukiwa umenyooka na kuuvuta "ili mshipa uachie". Mzee alirudi na alama nyeusi kwenye paja, na kwa siku tatu hakuweza kusimama wima. Anameza dawa ya presha na aspirini ndogo alizoandikiwa hospitali, na maumivu yakizidi mama anamtuma mtoto dukani akalete diklofenaki.

Sasa mama mkwe amenigeukia mimi. Alianza kwa utani: "Fundi tunaye ndani, tunahangaika nje kwa nini?" Halafu Jumapili moja baada ya misa, watu wamejaa sebuleni, akasema nikija mwisho wa wiki nimchue baba. Nikanyamaza. Wifi akamalizia: "Wazungu anawashika mpaka mapaja kwa dola, baba yake mumewe ndiyo anamwonea kinyaa."

Mshauri, si kinyaa. Nilivyolelewa mimi, baba mkwe hashikwi. Tangu niolewe chai yake naiweka mezani, simpi mkononi. Leo nimfunue mgongo? Mume wangu, ambaye ni dereva wa magari ya watalii Arusha, mchana aliniambia, "Si kazi yako? Mchue tu yaishe." Usiku akakiri kwamba hata yeye hatajisikia vizuri, ila hawezi kumkatalia mama yake. Baba mwenyewe hajaniambia neno.

Na kuna jingine ambalo sijamwambia mtu. Naogopa ule mguu. Sioni kama ni msuli tu. Nikikataa nitaonekana najivuna, nikikubali nikamdhuru je? Tena nikiwa mkweli, msimu wa Julai hadi Septemba mikono yangu inafika nyumbani imekwisha, kitako cha kidole gumba kinauma mpaka kushika sufuria ni kazi. Nifanyeje?

Mkwe wa Kibosho

JIBU

Marahaba binti yangu, na pole.

Umeombwa jambo moja lenye maswali mawili ndani yake. La kwanza ni kama inafaa mkono wako umguse baba mkwe. La pili ni kama huo mguu unafaa kuguswa na mchuaji yeyote kwa sasa, uwe wewe au mwingine. Sebuleni wanabishania la kwanza, na la pili unalala nalo peke yako. Mimi ningeanza na hilo la pili. Halina ukwe wala uwifi, na likishajulikana, huenda hilo la kwanza likapungua uzito.

Umeandika mambo matatu kwa kupita tu: kushuka kunamshinda lakini kupanda ana nafuu, akikaa kidogo anainuka, na akisukuma toroli halalamiki. Wifi yako ameyasoma kuwa ni kudeka. Mtaalamu wa viungo akiyasikia kwa mtu wa miaka 67, atauwazia mgongo kabla ya paja. Mtu anaposhuka mteremko huvuta mwili nyuma, kiuno kinajipinda kwa nyuma, na nafasi inayopitisha mishipa ya fahamu kwenye pingili za chini inapungua. Akipanda, akikaa, au akiegemea mikono ya toroli, anainama mbele na nafasi inafunguka. Kwa mzee ambaye pingili zimeota vijimfupa na kano zake zimenenepa kwa umri, tofauti hiyo ndogo inatosha kuwasha maumivu ya mguu na kuyazima. Ganzi ya upande wa kidole gumba nayo inaelekeza hukohuko.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo, nao ni kuziba kwa mishipa ya damu ya mguu. Mwenye huo naye hutembea kisha akasimama njiani. Ila yeye hupata nafuu kwa kusimama tu wima, hana haja ya kutafuta jiwe, na mlima wa kupanda ndio unaomtesa zaidi. Kwa maelezo yako baba yuko upande wa kwanza, lakini mimi sijamwona, na wewe umemwangalia kwa mbali. Mumeo anaweza kutembea naye kuelekea barabarani asubuhi moja aone anasimamaje na anapata nafuu vipi. Daktari atauliza hilo mapema sana.

Sasa huko "kubana". Hapa ningependa tuhoji kitu ambacho nyumba nzima imekubali bila kujiuliza. Nyuma ya paja panaweza kubana bila msuli wenyewe kuwa na kosa. Mshipa mkubwa wa fahamu unatoka kiunoni, unapita ndani ya kalio, unashuka nyuma ya paja. Ukikereka, misuli inayouzunguka hujikaza ili usivutwe. Sasa mlaze mtu chali, unyanyue mguu ukiwa umenyooka, uuvute: kinachovutwa ni ule mshipa uliokwisha kukereka. Hospitali wananyanyua mguu hivyohivyo, lakini kwa kupima, na wanaishia pale maumivu yanapoanza kukimbia chini ya goti. Yule mchuaji alipaswa kuishia hapo. Msuli uliochuliwa kwa nguvu huuma palepale ulipobonyezwa, siku moja au mbili, kisha unatulia. Haumzuii mtu kusimama wima siku tatu. Na alama nyeusi si damu chafu iliyotolewa, ni vimishipa vya damu vilivyopasuka, na kwa mtu wa aspirini havihitaji nguvu nyingi kupasuka.

Kwa hiyo woga wako una akili ndani yake, na usikubali uitwe maringo.

Zipo dalili ambazo zikionekana mchuaji haweki mkono, na mgonjwa anakwenda hospitali siku hiyohiyo: kushindwa kukojoa au mkojo kutoka bila habari, ganzi ya sehemu zile zinazokalia tandiko la baiskeli, miguu yote miwili kuishiwa nguvu, au unyayo kuanza kuburuta. Zipo nyingine za kumwona daktari mapema kabla ya kuwaza mafuta: homa, kukonda bila sababu, maumivu yanayomwamsha usiku na hayapungui kwa mkao wowote, au kama aliwahi kuanguka. Shavu la mguu nalo lina hatari yake. Likiwa limevimba, lina joto na linauma upande mmoja tu, damu inaweza kuwa imeganda ndani, na kulichua kunaweza kulisogeza donge hilo mpaka mapafuni. Chukueni futi ya fundi cherehani, mshuke sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, mpime mzunguko wa miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 3, mikono mbali, mpelekeni. Na hata isipofika hapo, kama mguu una joto na umevimba, usimwamini futi kuliko macho. Jaribio jingine halina haja ya kifaa: atembee hatua chache kwa visigino, vidole vikiwa juu. Unyayo wa kulia ukishindwa kunyanyuka huku wa kushoto unanyanyuka, mshipa unaumia kiasi cha kuudhoofisha msuli. Hilo halisubiri mwisho wa wiki.

Haya yote mumeo anaweza kuyafanya bila wewe kuingia chumbani.

Nirudi sasa kwa sentensi yako fupi kuliko zote: "Baba mwenyewe hajaniambia neno." Mama amesema, wifi amesema, mumeo amesema mchana na akabadilisha usiku. Mwenye mguu amenyamaza. Umechukulia kwamba anataka umchue. Inawezekana. Lakini mzee ambaye kwa miaka yote hiyo umemwekea chai mezani naye ameipokea mezani, huenda anaomba kimyakimya usikubali. Au huenda anateseka kiasi kwamba mwiko haumsumbui tena. Hatujui, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Na mtu wa kumuuliza ni mwanawe, wakiwa wawili, si kwenye kikao cha baada ya misa.

Kuna kitu kingine naomba ukitazame tena, taratibu. Ulivyolelewa Same si lazima ndivyo mama mkwe anavyoona. Aliyekuomba mbele ya watu pengine hakuona mwiko wowote, aliona fundi na mgonjwa. Ugonjwa nao hulegeza mengi: mzee akilazwa, muuguzi wa umri wako atamgeuza kitandani na hakuna atakayeuliza. Sisemi mwiko wako hauna maana. Nasema yawezekana hakuna aliyekusudia kuuvunja, na ukiueleza kwa utulivu huenda ukashangaa nani atakuelewa.

Neno la wifi lina mwiba ambao nadhani umeusikia vizuri kuliko ulivyoandika. "Mpaka mapaja kwa dola" halimhusu baba tena, linaigusa kazi yako. Ni maneno ambayo wachuaji wengi wa kike wanayajua. Ningekusihi jambo moja tu hapo: usimchue mtu ili kuthibitisha kwamba kazi yako ni safi. Hotelini mgeni anaulizwa magonjwa na dawa zake kabla hujamgusa, kuna shuka, kuna saa, kuna mlango unaofungwa kwa utaratibu, na baadaye mgeni anaondoka. Nyumbani huna hata kimoja kati ya hivyo, na mgonjwa haondoki.

Sasa njia zilizopo. Kila moja ina gharama yake.

Unaweza kumchua mwenyewe, baada ya daktari kumwona na kusema mikono inaruhusiwa. Kama baba atataka na mumeo ataridhika kwa kweli, si kwa mchana tu, basi weka masharti unayowawekea wageni. Mumeo au mama awepo chumbani. Baba abaki na nguo nyepesi, ufanye juu ya nguo au juu ya shuka bila mafuta. Mkono unafika vizuri tu. Uchague kiuno na shavu la mguu, kalio na paja uviache. Hatari yake ni mbili. Ukianza, hiyo inageuka kuwa zamu yako, na msimu wa wageni hautaisubiri. Na mguu ukizidi siku yoyote, hata kwa sababu isiyokuhusu, jina litakalotajwa ni lako.

Unaweza kumfundisha mwingine. Hii naitazama kwa jicho zuri zaidi, ingawa utakuwa umebeba kazi ya ualimu, na mwanafunzi wako akiwa mama mkwe itabidi ukubali kusahihishwa na unayemsahihisha. Kama ni yeye au shemeji wa kiume, wafundishe kitu kidogo kinachojirudia. Baba alale ubavu wa kushoto, mguu unaouma ukiwa juu, magoti yamekunjwa na mto katikati yake. Mkao huo wenyewe unaufungua mgongo kidogo. Mchuaji akae kwenye stuli nyuma yake. Kama ni mafuta, kijiko kimoja cha chai kinatosha kiuno kizima. Yakizidi mkono unateleza, na mkono ukiteleza mtu huongeza nguvu bila kujua. Dakika tatu za viganja vilivyo wazi, kutoka kiunoni kupanda mbavuni na kurudi mpaka kwenye nyonga. Kisha kitako cha kiganja kizunguke polepole pembeni ya uti, vidole viwili kutoka kwenye mfupa, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Asisukume kwa mikono, aegemeze mwili, la sivyo mama atachoka kabla ya dakika tano. Akikuta mahali panapouma, atulie hapo sekunde 20 hadi 30 mpaka palegee, ahame. Baba ataje namba, sifuri hadi kumi, na isivuke tano. Wazee wa mlimani hawapendi kukiri maumivu, kwa hiyo msikilizeni pumzi: akiizuia, nguvu imezidi hata kama anasema "endelea". Maumivu yakirushwa kuelekea mguuni, mkono utoke hapo mara moja.

Kalio lipate dakika tatu juu ya nguo, kwa ngumi iliyolegea, upande wa juu wa nje tu. Katikati kwa chini ndiko mshipa unakopita. Shavu la mguu, kama lilifaulu kipimo cha futi, ni viganja vyepesi kutoka kifundoni kwenda juu, na nyuma ya goti pasibonyezwe. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, mara mbili kwa wiki. Akimaliza akae kitandani kwanza. Mtu wa dawa za presha akisimama ghafla kizunguzungu kinamwangusha. Viwiko, kupandwa mgongoni, kuvutwa mguu, na zile dawa za kuchua zenye kuwasha kupakwa kwenye ganzi, vyote hapana.

Baada ya wiki tatu mjipime kwa kitu kinachoonekana, ambacho kwenu ni lile jiwe la njiani. Anafika mbali kuliko zamani kabla ya kukaa, au bado ni palepale? Kama ni palepale, acheni kuchua, mrudi kwa daktari. Unajua vizuri kwamba mikono haiondoi kijimfupa wala haivunji vinundu vya msuli. Inachofanya ni kuituliza misuli iliyojihami na kumpunguzia mtu ukali wa maumivu kwa saa kadhaa, pengine siku moja mbili, ili apate usingizi na aweze kujongea. Si kidogo. Ila wifi na mama wanasubiri uponyaji, na hilo ni bora walisikie mapema.

Njia ya tatu ni kumtafutia mchuaji mwanamume unayemwamini kikazi, mwende kwake, wewe ukiwa mtu wa kueleza tu. Utalipa, na atakayetaka kusema umemkwepa baba atasema. Lakini wewe una faida ambayo familia haina: unajua cha kumchunguza. Anauliza dawa na magonjwa kabla ya kugusa? Anaacha akiambiwa aache? Anaahidi kuponya kwa siku moja? Akijitambulisha kuwa mtabibu wa tiba asili, mna haki ya kumuuliza usajili wake wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Kukataa kabisa nako ni njia, na si dhambi. Ila kukataa kwa ukimya, kama Jumapili ile, kunawaachia wengine wakutafsiri. Ungeweza kusema hivi, au mumeo aseme, na ningependa awe yeye kwa mama yake: "Mama, kwa jinsi mguu wa baba ulivyo, hata mgeni angekuja hotelini na dalili hizi asingechuliwa kabla ya daktari. Tumpeleke kwanza." Sentensi hiyo haidanganyi na haimdhalilishi mtu. Ina udhaifu wake pia: daktari akisema mchueni, swali la ukwe litarudi mezani, na hapo itabidi muwe mmeshaongea ninyi wawili. Mumeo akikubali mchana na kukataa usiku, anayebaki katikati ni wewe. Muulize, bila ugomvi, ni jibu gani yuko tayari kulisema mbele ya mama yake.

Wakati mnaamua, kuna mambo ambayo hayahitaji mchuaji. Alale chali miguu ikiwa juu ya kiti, magoti yamekunjwa, dakika kumi. Avute goti moja kifuani, kisha jingine, kisha yote mawili, mara kumi asubuhi na jioni, bila kulazimisha. Atembee vipande vifupi akikaa kabla maumivu hayajakolea, na kwenye mteremko awe na fimbo ndefu ya kumwezesha kuegemea mbele. Kumkanda kiuno kwa taulo la maji moto lililokamuliwa, dakika 15, kunasaidia. Lijaribuni kwanza kwenye mkono kwa ndani. Lakini taulo lisiwekwe penye ganzi, maana ngozi isiyohisi huungua kimya.

Kuhusu mikono yako, usiipitishe kana kwamba ni jambo dogo la mwisho wa barua. Kitako cha kidole gumba kinachouma mpaka kwenye sufuria kinaonyesha kwamba kiungo kile kinabeba kazi ya mkono mzima. Punguza kuchimba kwa gumba, tumia sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, na ngumi iliyolegea, na uangalie kimo cha meza: ukisimama na mikono imening'inia, ngumi iguse meza. Ikiwa juu ya hapo, unasukuma kwa mabega na vidole badala ya uzito wa mwili. Ombeni pia robo saa kati ya mgeni na mgeni. Na kidole kikiendelea hivyo nje ya msimu, wewe nawe ni mgonjwa wa kupelekwa.

Mkienda, daktari wa hospitali ya Kibosho ni mahali pazuri pa kuanzia, na kutoka hapo anaweza kuandikiwa kwenda kwa wataalamu wa viungo KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja pamoja na ile diklofenaki ya dukani, na mseme wazi anaimeza mara ngapi. Ikikutana na aspirini inaweza kulitoa tumbo damu, na kwa mwenye presha inaipandisha na kuzilemea figo. Hiyo ningeiwahi hata kabla ya mguu. Aspirini yeye asiiache kwa uamuzi wake. Na yale mambo matatu ya mteremko, kukaa na toroli, yaandike kwenye karatasi umpe mumeo, kwa sababu mzee akiulizwa na daktari atasema tu mguu unabana.